Tusome Vibao: Safari ya Kilosa Hadi Mikumi

Mwezi huu nakualika tusafiri pamoja. Tutatoka Kilosa mjini, tutapita Ulaya, kisha tutafika Mikumi. Mwisho tutaingia kidogo katika Hifadhi ya Taifa. Mimi ni bwana shamba, lakini safari hii hatutakagua mazao. Tutaangalia vibao. Tutaangalia herufi zilizoandikwa kwenye stesheni, juu ya milango ya maduka, kwenye mabasi na kando ya barabara.

Huenda utauliza, "Bwana shamba na vibao, wapi na wapi?" Hilo ni swali zuri. Nitakujibu kwa kukueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na shamba la mfano katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilosa. Lilikuwa shamba la kikundi. Tulilima mchicha, nyanya na bilinganya. Kila mwanachama alikuwa na haki ya kuchuma mboga za nyumbani kwake.

Siku moja tulipulizia dawa ya kuua wadudu. Dawa ile ni sumu. Ukishapulizia, huruhusiwi kuchuma mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Kwa hiyo ilibidi niweke kibao cha kuwaonya watu.

Nilimpa kazi hiyo kijana mmoja hodari wa kuchora. Nilimwambia, "Andika SUMU. USICHUME MBOGA. Tena kipendeze." Kijana alitii. Aliandika herufi nene nyekundu zenye kivuli cha buluu. Herufi S aliitia mkia uliojikunja kama mkia wa kinyonga. Miguu ya herufi M aliipinda kama vikonyo vya maboga. Pembeni alichora maua. Kibao kilipendeza kweli. Nilifurahi, nikakisimika mwenyewe.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama mmoja shambani. Kikapu chake kilikuwa kimejaa mchicha nusu. Mjukuu wake alikuwa ameshika nyanya, anaipeleka mdomoni. Nilipiga kelele, nikamnyang'anya mtoto ile nyanya. Tulimwaga mchicha wote. Tuliwaosha mikono kwa sabuni na maji mengi. Bahati njema walikuwa hawajala kitu.

Nilimwuliza, "Mama, hukukiona kibao?"

Akajibu, "Nilikiona, baba. Nilidhani ni tangazo la sherehe. Si kina maua?"

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilijaribu kukisoma. Ile herufi ya kwanza sikuijua. Nikajua kisomo kimeshanitoka. Nikaona aibu kumwuliza mtu."

Ndugu msomaji, maneno yale yaliniingia moyoni. Mama yule alikuwa amemaliza kisomo mwaka uliotangulia. Alikuwa anajua kusoma. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa langu mimi niliyetaka kibao cha sumu kipendeze kama kibao cha harusi.

Siku ile ile nilikifuta kibao. Nilikipaka rangi nyeupe. Niliandika upya kwa rangi nyeusi, herufi nyofu, bila mkia na bila ua. Nilimwita mama asimame mbali, njiani. Alisoma, "Su-mu. Sumu!" Akacheka. "Kumbe bado najua!"

Tangu siku hiyo, kila ninapopita nasoma vibao na kujiuliza: je, herufi hizi zimeandikwa ili zipendeze, au zimeandikwa ili zisomwe? Sasa twende safari.

STESHENI YA KILOSA

Tuanzie stesheni. Reli ya zamani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Ilifika Kilosa mwaka 1909, na Kigoma mwaka 1914. Siku hizi ipo pia reli mpya ya SGR. Treni zake za abiria zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024, na Kilosa ina kituo chake.

Jina la mji huu lina herufi sita tu: K-I-L-O-S-A. Fikiri juu ya abiria aliye ndani ya treni usiku. Amesinzia. Treni inapunguza mwendo. Anachungulia dirishani. Ana muda mfupi tu wa kusoma jina la stesheni. Akikosea, atashuka pasipo pake au atapitishwa. Abiria huyu anahitaji herufi za namna gani? Anahitaji herufi kubwa, nyofu, zenye nafasi kati yake.

Jambo hili liliwasumbua hata watu wa miji mikubwa ya dunia. Mjini London, Uingereza, kuna treni zinazopita chini ya ardhi. Zamani kuta za stesheni zake zilijaa matangazo ya biashara ya kila namna. Abiria walishindwa kulipata jina la stesheni katikati ya matangazo. Wakubwa wa reli walimpa kazi bwana mmoja, fundi wa maandishi, aliyeitwa Edward Johnston. Mwaka 1916 herufi zake zilikuwa tayari. Zilikuwa nyofu na nyepesi kusoma, zisizoweza kudhaniwa kuwa tangazo la biashara. Stesheni zile bado zinatumia herufi za ukoo huo mpaka leo, baada ya miaka zaidi ya mia moja.

MADUKA NA KHANGA

Tutoke stesheni tuingie mitaa ya maduka. Hapa mambo ni tofauti. Kuta nyingi zimepakwa rangi nyekundu ya soda. Juu yake limeandikwa jina la Coca-Cola kwa herufi nyeupe zinazotiririka kama maji.

Je, ulikuwa unalitambua jina hilo kabla hujajua kusoma? Bila shaka ulilitambua. Hata mtoto mdogo analitambua. Lakini mtoto hasomi. Anatambua picha, kama anavyomtambua ng'ombe wa baba yake kwa mabaka. Herufi zile zilichorwa Marekani mwaka 1886 na Frank Robinson, mtunza hesabu wa mwenye kinywaji hicho. Aliziandika kwa mwandiko wa mikunjo uliopendwa na makarani wa wakati ule. Jaribu kuitazama herufi C ile peke yake. Ungeijua kama ungekutana nayo mahali pengine?

Basi usione ajabu. Herufi za madoido mara nyingi hutumika kama picha. Kazi yake ni kukuita. Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mwenye duka anataka kibao chake kijiuze.

Sasa mtazame yule mama anayepita na khanga. Khanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Pindo lina nakshi nyingi. Mji una maua, au korosho, au picha nyingine. Lakini litazame jina. Mara nyingi limeandikwa kwa herufi kubwa nyofu. Ukipishana naye njiani unaweza kulisoma, ukacheka au ukanuna. Hapo zamani jina la khanga liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja herufi hizi tunazotumia leo.

Khanga inatufundisha jambo kubwa: pambo likae pembeni ya neno, lisiingie ndani ya herufi. Kama ningeiangalia khanga vizuri, nisingeharibu kibao changu.

TUNAPITA ULAYA

Tupande gari la Mikumi. Njiani tutapita mahali panapoitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya! Wenyeji wa huko husema kila siku, "Nimetoka Ulaya asubuhi," na hakuna anayewauliza habari za ndege. Mgeni hushtuka. Lakini akiona jina lenyewe limeandikwa, U-L-A-Y-A, herufi tano, anaamini.

Hapa tunajifunza kwamba kusoma herufi peke yake hakutoshi. Ni lazima ujiulize, "Neno hili limeandikwa mahali gani, na kwa sababu gani?" Neno ULAYA juu ya kibao cha njia ya Kilosa halina maana sawa na neno ULAYA katika gazeti la habari za dunia. Tukumbuke jambo hilo, litatusaidia mbele.

MIKUMI NA FUNDI WA VIBAO

Tumefika Mikumi. Mji huu umepata jina lake kutokana na mikumi, miti ya jamii ya minazi. Upo kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Malori na mabasi hupita usiku na mchana. Wenye hoteli, nyumba za wageni na maduka hugombania macho ya wasafiri. Kwa sababu hiyo kuna vibao vingi, na madoido ni mengi.

Nilimtembelea fundi mmoja wa vibao. Alikuwa kwenye kibanda chake, anachora jina la hoteli.

"Shikamoo, bwana shamba," akasema.

"Marahaba. Hizi herufi mbona zinafanana na za mabasi ya utoto wangu?"

Akacheka. "Wateja ndio wanazitaka. Wanasema, niandikie za zamani, zilizonenepa, zenye kivuli."

Nilimwomba anionyeshe kazi yake hatua kwa hatua. Kwanza alipiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, ili herufi zote zilingane urefu. Pili, alichora kwa penseli mistari myembamba ya kila herufi. Mistari hiyo aliiita mifupa. Tatu, aliinenepesha mifupa kwa rangi. Nne, alitia kivuli upande wa kulia na chini, upande ule ule kwa kila herufi. Mwisho alitia mikia na mikunjo.

Aliniambia, "Bwana shamba, madoido unaweza kuyabadilisha upendavyo. Mifupa usiiguse. Ukivunja mifupa, herufi imekufa."

Herufi hizi za madoido zilitoka wapi? Zamani herufi za kuchapia zilitengenezwa kwa madini, na zilikuwa ndogo kwa ajili ya vitabu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Uingereza na Marekani walitaka mabango makubwa ya kubandika ukutani. Mwaka 1827, huko New York, Darius Wells alibuni njia ya kuchonga herufi kubwa za mbao haraka kwa mashine. Herufi za mbao ni nyepesi na ni rahisi kwa bei. Basi kila mwenye mali akataka bango lake lipige kelele kuliko la jirani. Herufi zikanenepa, zikavaa vivuli, zikaota maua.

Mwaka 1922, Oswald Cooper wa Chicago alitoa herufi nene za mviringo, laini kama maandazi. Zinaitwa Cooper Black. Katika miaka ya 1960 na 1970 zilipendwa sana duniani. Siku hizi vijana wanazipenda tena na kuzichagua kwenye kompyuta na simu. Mtindo wa herufi ni kama mtindo wa suruali. Unapotea, halafu unarudi.

KWA NINI HERUFI HIZI ZINAKUSHINDA?

Serikali ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 walikuwa wamebaki kama 10 tu. Kazi hiyo ilifanyika chini ya miembe, kwa ubao na chaki, na kwa vitabu vyenye herufi nyofu. Nawe msomaji wa leo ulianza hivyo hivyo. Macho yako yamezoea herufi nyofu. Ukikutana na herufi iliyovaa makoti mawili na kofia, unasita.

Kusita si kusahau. Usirudi nyumbani ukidhani kisomo kimekutoka. Fanya hivi:

1. Ivue herufi makoti yake. Usitazame kivuli, mikia wala maua. Tafuta mifupa.

2. Anza na irabu: A, E, I, O, U. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu. Tuseme umeona O, kisha E, kisha I. Herufi nyingine huzijui. Lakini nyumba inanukia pilau, na watu wanakula. Neno hilo ni HOTELI.

3. Jiulize kibao kimewekwa wapi na kwa kazi gani. Kumbuka kibao cha Ulaya.

4. Uliza. Kuuliza si ujinga.

NDANI YA HIFADHI

Asubuhi nilipanda basi la kuelekea Morogoro. Muda si mrefu tuliingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964. Ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230. Barabara kuu hukatiza ndani yake kwa kilometa 50 hivi. Tembo, twiga, nyati na pundamilia huvuka barabara wakati wowote.

Nilitazama vibao vya barabara. Umbo la pembetatu lenye ukingo mwekundu maana yake ni: jihadhari. Ndani yake kuna picha ya kitu cha hatari. Duara lenye ukingo mwekundu na namba ndani yake maana yake ni: usizidishe mwendo huu. Dereva akizembea, anaweza kumgonga mnyama, akaua abiria wake, na tena akatozwa faini kubwa.

Sikuona mkia wa kinyonga kwenye vibao hivyo. Sikuona maua. Dereva wa lori hana nafasi ya kutafuta mifupa ya herufi wakati tembo yuko mbele yake. Mahali penye hatari, maandishi huvuliwa mapambo yote.

TURUDI KWENYE CHUPA YA DAWA

Ndugu msomaji, sasa chukua chupa ya dawa ya mimea. Chupa hiyo ina hoteli ya Mikumi na ina hifadhi ya Mikumi, zote mbili kwa pamoja.

Juu utaona jina la dawa kwa herufi kubwa za kupendeza. Hizo ni za kukuita ununue. Chini yake kuna maandishi madogo, nyofu, yasiyo na urembo. Hayo ndiyo yanayokulinda. Yanasema uchanganye kiasi gani kwa maji kiasi gani. Yanasema uvae nini. Yanasema usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Yanasema mwisho wa kutumia ni tarehe gani.

Chini ya karatasi ya chupa mara nyingi kuna mkanda wa rangi. Mkanda mwekundu maana yake ni sumu kali kabisa. Wa njano ni sumu ya kudhuru. Wa buluu ni ya tahadhari. Wa kijani ni ya hatari ndogo zaidi, lakini usimwachie mtoto. Rangi hizi zimewekwa ili hata asiyejua kusoma aonywe. Wewe unayejua kusoma usiishie kwenye rangi. Soma maandishi madogo. Yakikushinda kwa udogo, mpe kijana mwenye macho makali akusomee, au mlete bwana shamba.

Fanya vivyo hivyo kwa mfuko wa mbegu. Jina kubwa lisikutoshe. Tafuta aina ya mbegu, tarehe, na kama mbegu imetiwa dawa. Mbegu iliyotiwa dawa hailiwi, hata kama mwaka ni wa njaa.

Mimi sisemi kwamba madoido ni mabaya. Kibao cha hoteli kipendeze. Jina la basi ling'ae. Fundi wetu wa Mikumi anakula na watoto wake kwa kazi hiyo, na mji unachangamka. Lakini kisima chenye maji mabaya, ghala lenye sumu, daraja bovu na shamba lililopuliziwa dawa, vyote viandikwe kwa herufi nyofu.

KAZI YA KUFANYA

Wiki hii fanyeni kazi hii katika kikundi chenu:

1. Tembeeni kijijini. Hesabuni vibao vyote. Vipi ni vya kuita watu? Vipi ni vya kuonya watu?

2. Chagueni kibao kimoja cha kuonya. Simameni hatua ishirini mbali nacho. Mwombeni mtu aliyemaliza kisomo karibuni akisome kwa sauti. Msimsaidie.

3. Akishindwa, msimcheke. Kifuteni kibao, mkiandike upya. Tumieni rangi nyeusi juu ya nyeupe. Acheni nafasi kati ya maneno.

4. Andikeni maneno machache. SUMU ni neno moja, nalo linatosha kumsimamisha mtu.

Yule mama wa shamba la mfano bado ni mwanachama wa kikundi chetu. Siku hizi, kabla sijasimika kibao chochote, humwita kwanza akisome kutoka njiani. Akisita, nakirudisha kwa fundi.